Usiitikie kwa Kichwa

Hospitali ilitafuta wanafunzi wenye afya nzuri, wapigwe picha za ubongo kwa ajili ya utafiti. Sharti: wawe watu wa kutulia. Mwalimu wetu wa biolojia hakujiuliza. "Mchukueni huyu," akaninyooshea chaki. "Mkimfungia darasani Ijumaa, Jumatatu mtamkuta palepale, na hatalalamika."

Darasa likacheka. Mimi nilifurahi, nisidanganye. Tangu nianze sekondari nilikuwa sijachaguliwa kwa jambo lolote, nikaapa sitaharibu.

Mama akaacha cherehani yake mtaani kwetu Kimisagara anisindikize hospitalini. Fundi wa mashine ya picha, kaka aliyekulia Tanzania, akatueleza kwamba mashine inafuata maji yanavyotembea kandokando ya nyuzi za neva, kisha kompyuta inazichora. "Ukisogeza kichwa, mchoro umekufa. Nitarudia mara moja tu, wenzako wanangoja."

Nikalala. Usoni wakanifunika kitu kama helmeti ya pikipiki iliyobaki mifupa. Mashine ikaanza kugonga kama magereji yote ya Gikondo kwa pamoja. Sikutikisika. Kila kelele zilipokatika, spika iliuliza: "Uko sawa, mdogo wangu?"

Nami, kwa adabu zote, nikaitikia kwa kichwa.

Kamera ilimwonyesha fundi miguu yangu tu, imetulia, akaendelea. Waliponitoa, alikuwa ameduwaa mbele ya skrini. "Dada, nyuzi zako zimetoka nje ya fuvu, zinaelekea Masoro, kule mwisho wa mji. Umefanya nini?"

"Nilikuwa najibu," nikanong'ona.

"Kwa kichwa?"

Nikaitikia. Kwa kichwa. Akashika chake.

"Huyo nyumbani ananijibu na nyusi!" Mama akadakia. "Kila siku namwambia, wewe mtoto, mdomo iko!"

"Basi leo ni mdomo tu," fundi akasema. "Tena kwa nguvu. Hii ndiyo ya mwisho."

Nikarudi ndani, jasho linanitoka. Kelele zikakatika. "Uko sawa?" Shingo ikataka kwenda yenyewe. Nikaikaza, nikafumba macho.

"NIKO SAWA!"

Nilijishtua mwenyewe. Spika ilikuwa bado wazi, nikamsikia Mama: "Subhanallah! Kuna mtu mwingine humo ndani?"

Kutulia si kazi. Kazi ni kutocheka, na mashine ilikuwa imeshaanza kugonga tena. Niliuma ulimi mpaka mwisho.

Mchoro ukatoka safi, ukakubaliwa: nyekundu, kijani, buluu, maelfu, kila uzi mahali pake. Mama akausogelea kwa jicho la mshonaji, akaukagua muda mrefu, akaguna.

"Nyuzi zote hizi," akasema, "na kumsalimia jirani kunakushinda?"