Sikio la Muuza Matikiti

Muuza matikiti wa langoni kwetu, hapa Kaifeng, hugonga tikiti kwa kidole kama anayebisha hodi, kisha huliwekea sikio, macho kayafumba. Sisi wanafunzi hutukemea, "Nyamazeni, linasema!" Halafu hukata kipande cha pembetatu, mteja aone wekundu kabla ya kulipa. Jana, mbele ya foleni nzima, alimwapia Bibi Qiao, "Bibi yangu, hili jekundu mpaka kwenye ganda!" Akachomoa kipande. Cheupe kama figili! Watu wakaguna, wengine wakaanza kuondoka. Yeye akakitia mdomoni, akakitafuna polepole kama anayeonja asali. "Lo, utamu gani huu! Hili siuzi, nitakula mwenyewe." Bibi Qiao, aliyekiona kipande kwa macho yake, akalikumbatia tikiti. "Kumbe mazuri unajifichia? Nipimie hilohilo!"