Kichuma cha Cherehani ya Mama

Harufu ya mafuta ya cherehani hunikasirisha mpaka leo. Nikipita Mwanjelwa, hapa Mbeya, pale mafundi walipojipanga na mashine zao, pua ikiinasa tu namkumbuka Baba Zakaria, na nawaambieni kweli, simkumbuki kwa wema.

Alikuwa jirani yetu kijijini Kalenga. Mianzi yetu ilipakana na yake. Kila msimu wa mvua mama alikata machipukizi na kutega mbeta, yale makopo ya mwanzi ya kukingia ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, na kila alfajiri alikuta baadhi zimeshamiminwa na mtu. Siku moja alimkuta Baba Zakaria kilabuni, akamwita mwizi mbele za watu, akaongeza na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mzee yule alikwenda kushtaki mahakama ya mwanzo, na kwa kuwa kilabu kizima kilisikia matusi na hakuna aliyeuona wizi, mama akapigwa faini.

Hakuilipa, nusu kwa kukosa, nusu kwa ukaidi. Siku zikapita, akaja dalali wa mahakama na karatasi yenye mhuri. Alizunguka nyumba nzima, macho yakatua kwenye cherehani ya zamani aliyoachiwa mama na bibi, iliyotulisha tangu baba afariki.

Mzee wa kanisa alikuja kutufariji. "Kisasi ni cha Bwana, dada."

"Najua, mzee," mama akasema. "Ila Bwana ana foleni ndefu."

Nilikuwa na miaka tisa, nikaona niisogeze hiyo foleni. Dalali alipokuwa uani akiandika orodha yake, nilichomoa kile kichuma kidogo kinachoshika uzi wa chini, nikakificha kwenye soksi. Bila hicho mashine hupiga kelele tu, haishoni.

Mnadani dalali aliijaribu kwa kitambaa. Haikushika hata mshono mmoja. Wanunuzi wakacheka, wakaondoka. Baba Zakaria aliichukua kwa bei ya kuku, akijua fundi wa mjini ataitengeneza. Fundi akamwambia vifaa vya mashine ya aina ile havipatikani tena. Nilicheza nyuma ya nyumba mpaka nikaanguka.

Furaha yangu haikumaliza wiki. Kwa bei ile faini haikutimia, dalali akarudi, vijana wake wakang'oa mabati yote ya jiko letu. Mvua zilikuwa bado zinanyesha. Mama alipika amejifunika gunia, akipuliza kuni mbichi na kukohoa, na mimi nilimtazama, kichuma ningali nacho.

Hatia ile niliibeba mpaka nikawa na watoto wangu. Mwaka jana nikamwungamia mama.

"Nilikuona," mama akasema. "Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Sasa mbona hukuniambia nikirudishe?"

"Ili yule ashonee mashine ya mama yangu? Heri ninyeshewe."

Miaka yote nilidhani nilimponza, kumbe tulikuwa wawili. Ule utulivu wake kwenye mvua, niliouita uvumilivu wa Kikristo, ulikuwa wa mtu aliyeridhika.

Baba Zakaria bado yu hai. Mashine ipo barazani kwake, imewekewa ndoo ya maji. Nikienda Kalenga namwinamia kwa heshima, "Kamwene, baba," naye huitikia vizuri tu. Kichuma ninacho kabatini, Mbeya. Kila Krismasi nakipaka mafuta kisishike kutu, kisha namwombea mzee maisha marefu, aendelee kuitazama.