Nazi Nzuri, Mapafu Mabovu

Mie Mwanasha, muuza nazi wa Pangani. Kabla sijaugua nilizozana na wateja kutwa, sauti yangu ikisikika mpaka ng'ambo ya kivuko. Miaka mingi nilikausha nazi ziwe mbata kwa moto wa makumbi yake, na moshi wote niliuvuta mie.

Kikohozi kilianza kidogo. Kisha kujifunga kanga tu nahema. Kucha zikawa bluu, nikawa nalala nimekaa, nikikohoa najikojolea. Daktari akasema mapafu yamekakamaa, dawa ni kuwekewa mengine, India. Jirani yangu Bi Saumu akanong'ona, "Huyo atarudi maiti." Nilimsikia. Masikio yalikuwa mazima!

Tulingoja kule, mie na mdogo wangu Omari, hata mapafu yakapatikana. Daktari akaja na mkalimani. "Mama, haya hatukuwekei." Walikuwa wameyatia kwenye kasha la kioo, mashine ikayapuliza hewa, kisha wakayapiga picha za ndani. "Yana maji."

"Sasa si ndiyo mazuri hayo!" Nikamaka. Nazi ukiitikisa isipocheza maji ni mbovu, nani asiyejua?

Akanionyesha picha. Nyeupe pee. Nikazidi kuwaka. "Meupe, yana maji, mwataka nini tena? Niwekeeni!" Nilikuwa nakufa, jamani. Omari akalia, "Dada, turudi, ukazikwe kwetu." Nikamwambia, "Rudi wewe. Mie sijafa."

Daktari hakukasirika. Akagusa ule weupe: hapa hewa haipiti. Akaweka picha ya mapafu mazima, meusi tii. Weusi ule ndio hewa. Wallahi, kumbe mapafu si nazi.

Yalipopatikana mengine, nayo yakapulizwa kwenye kasha la kioo, nikauliza neno moja, "Meusi?"

"Meusi, mama."

Bismillahi, nipasueni.

Nilizinduka kifua kinawaka, mipira kila mahali. Walipoitoa ya kooni, hewa ikaingia mpaka chini. Nikalia kwa sauti, na sauti ilikuwepo.

Dawa nameza kila siku. Namshukuru Mungu, na wale waliotoa mapafu ya mtu wao wakiwa msibani. Nawaombea kila sala. Nawe unayehema, usikubali maneno ya watu yakuzike. Daktari akikukatalia, mwambie akuonyeshe.

Juzi, nimesharudi kuuza nazi zangu, Bi Saumu anasema sokoni, "Yule anapumulia mapafu ya maiti." Nikamjibu palepale, soko zima likageuka: "Yalipumua kwenye kioo, yanapumua kwangu! Maiti yuko wapi? Njoo nikutikisie nazi!"