Unga wa Mbao

Fundi wa laptopu alikuwa mkali kwa wateja kuliko mwalimu wa zamu. "Umeiweka tena juu ya godoro! Mashine inapumulia chini, wewe unaiziba pua. Na vumbi lote hili, kwenu hakuna ufagio?" Wateja walivumilia, kwa kuwa mikono yake ilijua kazi: akishasafisha feni, mashine iliyokuwa ikiunguza mapaja inatulia tuli.

Shida ilikuwa jirani. Chumba cha kazi alipewa bure na baba mkwe, seremala, ambaye msumeno wake wa umeme ulinguruma kutwa upande wa pili wa ukuta. Unga wa mbao ulipenya kwenye matundu bila kubisha hodi. Kila fundi alipokwenda kumwambia, aliamkia, akaulizwa hali ya wajukuu, akarudi na maneno yake tumboni. Utamwambiaje mkweo kwamba anachafua nyumba yake mwenyewe?

Leo mama mmoja amerudisha mashine ya gemu ya wanawe, iliyosafishwa hapa juzi, inazima kwa joto. Fundi akaifungua huku akianza wimbo wake: "Nyumbani kwako, mama, vumbi..."

"Kwangu ni vigae vitupu." Mama akapitisha kidole kwenye feni, akakinusa. "Hii ni mbao."

Msumeno ukanyamaza. Baba mkwe akachungulia mlangoni, mweupe hadi kwenye kope, anatabasamu. "Mwanangu, nimepata kazi kubwa! Nitakata mpaka mwezi uishe."

"Hongera, baba," akasema fundi, akiifunika mashine kwa viganja vyote viwili.