Chokaa ya Geua

Geua wa kijiji cha Porebada aliuza chokaa ya kutafunia tambuu na popoo sokoni Koki, na kama hukujua kwamba ndiyo bora kuliko zote jijini Moresby, angekueleza kabla hujauliza. Aliichoma mwenyewe kwa makombe ya baharini na kuichekecha mara tatu, kama marehemu mama yake. Wanunuzi walimtazama mdomoni kwanza: muuzaji akiwa na ulimi mzima, chokaa ni njema.

Mwaka ule walimwombea kanisani, wakamwambia amepona. Akaacha dawa za Ukimwi alizozimeza kwa siri miaka sita. Mwezi wa nne tangu aziache, ulimi ukaota utando mweupe, kumeza mate kukawa kazi. Aliutambua. Ndio uliompeleka kliniki mara ya kwanza.

"Wifi, ulimi umefanyaje?" aliuliza Konio, dada wa marehemu mumewe, aliyeuza popoo kando yake.

"Chokaa imenibabua."

Konio aliutazama tena ule ulimi, akarudi kupanga popoo zake, lakini wanunuzi walikuwa wamesikia. Kufika adhuhuri soko zima lilijua kwamba chokaa ya Geua inababua ndimi.

Kesho yake wateja wakampita, wakaenda kwa Boio, ambaye chokaa yake, kwa maoni ya Geua, ilifaa kupaka kuta.

"Si ndiyo hii inayounguza?" mzee mmoja aliuliza, akarudisha kifuko kama kimemng'ata.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Geua aliumbuliwa na chokaa. Siku ya nne hasira zilimpanda, akasimama juu ya mkeka.

"Nyie! Chokaa hii haijababua mtu! Mama yangu kaitafuna mpaka anazikwa, ulimi wake mzima! Hii mdomoni ni fangasi. Nina Ukimwi, na dawa nimeacha. Mjinga ni mimi, si chokaa!"

Aliogopa kumtazama wifi yake, asije akamwona anakunja mkeka wake ahamie kwingine.

Konio alichovya kijiti cha tambuu kwenye chokaa ya Geua, akakitafuna pamoja na popoo mbele ya watu wote, bila haraka, akatema mate mekundu.

"Tamu," alisema. "Kliniki wanafunga saa kumi. Nenda, nitakuuzia. Siku nne unanidanganya mimi, mpumbavu wewe!"

Geua alikwenda huku analia. Aligeuka mara moja tu, kuhakikisha Konio anajaza vifuko sawasawa.