Ngozi Ghorofa ya Tatu, Viungo Ghorofa ya Pili

Mama Mdogo Gilrye alishuka kutoka kwa daktari wa ngozi akiwa amefura kwa hasira, kwa sababu ngozi yake ilikuwa nzuri.

Asubuhi ile mabaka yalikuwa yamemjaa kuanzia kiunoni hadi magotini, mekundu, yameinuka, yanamwasha hadi anasaga meno. Akasema leo ndiyo leo, leo daktari atayaona kwa macho yake. Akapanda lifti mpaka ghorofa ya tatu, akasubiri kwenye kochi katikati ya wasichana waliokuja kutibiwa chunusi, na jina lake lilipoitwa, mabaka yote yalikuwa yameshazama. Hata alama hayakuacha.

"Nimevua blauzi mbele ya mtu mzima mwenzangu," akamwambia mama yangu, "mgongo mweupe kama tofu ya soya! Ananitazama kama vile nimekuja kujisifia."

Mama alikuwa nyuma ya kaunta anamenya yai. Alijaribu asicheke. Hakuweza.

"Cheka tu, dada. Yakirudi nitakuletea wewe uyatazame."

Yakarudi. Kabla hajamaliza kuvua koti yalikuwa yameshamtoka shingoni.

Mama Mdogo si mdogo wa mama kwa damu, ila wamefanya kazi pamoja tangu mimi sijaanza shule. Bafu la umma la Bi Pyo liko chini ya ardhi, katika jengo la ghorofa tano hapa Gunsan, Korea. Mama anauza mayai ya kuoka na maji baridi ya mchele kwenye kaunta, na Mama Mdogo, kule ndani upande wa wanawake, anasugua watu. Ana meza yake ya plastiki ya rangi ya waridi, ana beseni, na ana kitambaa cha kijani kinachokwaruza kama msasa. Unalala, anakumwagia maji, anaanzia kisigino anamalizia nyuma ya masikio, na nongo zinakutoka mpaka unaona aibu. Mimi nikiwa likizo hukaa naye na kumuuliza maswali, naye hunijibu yote. Wembamba wana nongo kuliko wanene, anasema. Na walimu hawanyamazi hata ukiwasugua midomo.

Juu ya vichwa vyetu jengo zima ni madaktari. Usawa wa mtaa ni duka la dawa. Ghorofa ya pili mifupa, ya tatu ngozi, ya nne tumbo, ya tano tabibu wa jadi wa sindano. Ukiugua katika jengo letu huna haja hata ya kuvaa koti. Watu wanatuonea wivu. Mama Mdogo alikuwa wa kwanza kujisifu, mpaka alipougua yeye.

Mabaka yalianza masika yaliyopita, miti ikitoa maua, na kila mtu akasema ni chavua, itapita. Maua yakapukutika, kiangazi kikaja, majani yakaanguka, mabaka yapo. Lakini mabaka siyo yaliyomchosha. Yaliyomchosha ni yale mengine ambayo huwezi kumwonyesha mtu. Siku mabaka yakichachamaa anaamka kama hakulala. Vifundo vya mikono na magoti vinauma. Kichwa kinagonga, tumbo linasokota, anaharisha. Ghafla joto linampanda usoni, moyo unakwenda mbio akiwa ameketi tu, na mara nyingine kifua kinabana na pumzi zinalia kama filimbi mbovu. Mabaka yakilala siku mbili tatu, yote yanalala nayo.

Nilimuuliza, "Kwa nini vinakuja pamoja?"

"Waulize wao huko juu," akajibu. "Mimi ni msuguaji."

Basi nikafuatana naye kuwauliza.

Wa mifupa hakuinua macho kutoka kwenye picha ya goti. "Kazi yako?"

"Nasugua watu bafuni."

"Basi ni hiyo." Akamwandikia vidonge vya maumivu, vilevile alivyompa mwanzoni mwa vuli.

"Na mabaka, daktari? Yanakuja siku hizohizo..."

"Mabaka ni ghorofa ya tatu."

Ghorofa ya tatu alikuwepo Daktari Seong, yule aliyeuona mgongo wa tofu, mwanamke mwenye miwani mikubwa na sauti ya upole na foleni inayofika kwenye lifti. Akampa vidonge vya mzio, akamkataza maji ya moto na kusuguliwa.

"Mimi ndiye nasugua, daktari."

"Basi punguza. Mengine?"

"Viungo vinauma."

"Viungo ni ghorofa ya pili," akasema kwa upole wake, na muuguzi alikuwa ameshamfungulia mlango mwingine.

Wa tumbo alimwingiza kamera, akatoka anatabasamu: tumbo safi kabisa, hongera. Mama Mdogo akasema hongera ya nini, nashinda chooni! Tabibu wa sindano akamshika mkono kwenye mshipa muda mrefu, akasema joto limepanda juu na ubaridi umeshuka chini, akamchoma sindano mgongoni. Kila sindano ilipoingia pakaota baka. Hapo ndipo nilipomwona tabibu yule, mzee wa watu, anarudi nyuma hatua moja.

Na huku chini nako kila mtu ana daktari wake mdomoni. Bibi Malsuk, ambaye huingia kwenye maji ya moto asubuhi akatoka mchana, alisema ni kuvimbiwa. Akatoa sindano na uzi mkobani, akamfunga Mama Mdogo kidole gumba na kumtoboa ili damu mbaya itoke.

"Damu nyeusi! Umeona? Ulikula nini?"

"Uji, Bibi. Nakula uji tangu wiki iliyopita."

"Basi ni uji."

Mama yangu naye akashika lake: "Gilrye, hiyo ni hedhi inakoma. Joto usoni, moyo mbio, mimi nilikuwa hivyohivyo."

"Hedhi yangu ilikoma zamani, dada! Mimi nilikuwepo!"

Wanawake wakacheka ndani ya maji mpaka yakamwagika. Yeye hakucheka. Aliketi juu ya beseni lililofunikwa, akipuliza kidole.

"Mmoja kachukua ngozi, mmoja goti, mmoja tumbo," akasema. "Mimi si jengo. Mimi ni mtu mmoja!"

Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi ulikuwa unakaribia, na siku hizo ndizo za bafu. Hakuna anayetaka kuwasujudia wazee wake akiwa na nongo za mwaka jana. Foleni ya meza ya waridi hufika kwenye rafu ya viatu mlangoni. Jumamosi moja, katikati ya foleni hiyo, Mama Mdogo alisimama ghafla na kitambaa mkononi. Uso ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoanikwa. Akaketi sakafuni, mkono kifuani, akivuta pumzi. Mteja akainuka kwenye meza.

"Na mkono wangu huu? Mmoja umesuguliwa, mwingine bado!" Kisha akaona mikono ya Mama Mdogo, imevimba mabaka hadi kwenye viwiko. "Yesu wangu! Inaambukiza hiyo?"

Neno hilo lilikimbia bafuni kuliko maji. Bi Pyo akaja na ndara zake, anatazama foleni inavyopungua.

"Gilrye, nakupenda. Lakini jana kichwa, juzi tumbo, leo moyo. Mtu mmoja anaumwaje kila kitu?"

"Ndilo ninalouliza, bosi!"

"Kuna mwanamke wa Iksan ananisumbua kwa simu anaitaka meza hii. Kesho nione umesimama kutwa. Ukilala tena, meza nampa yeye."

Ile meza ndiyo iliyomsomesha mwanawe mpaka akawa fundi wa meli, nayo ndiyo inayomfanya aamke. Mama akamwambia akae nyumbani. Akakataa. Kesho yake, Jumapili, alikuja akiwa amejifunga kitambaa kiunoni kama anakwenda vitani, mabaka yakiwa yameshaanza.

Mimi nilikuwa ndani ya maji ya uvuguvugu, karibu kabisa na meza, nilipomwona mwanamke anaingia akipapasa ukuta kama asiyeona vizuri. Hana miwani. Hana chochote, kama sisi wote. Akalala kifudifudi kwenye plastiki, akafumba macho. Mama Mdogo akamtazama. Akaniangalia mimi. Akamtazama tena.

Akammwagia beseni la maji, akamsugua mguu wa kulia wote. Alipokwisha, akauliza taratibu, "Daktari Seong, maji hayakuunguzi?"

Yule akainua kichwa. "Tunafahamiana?"

"Mimi ni ule mgongo wa tofu."

Daktari akarudisha kichwa kwenye plastiki. "Wagonjwa wangu usiwaambie umeniona hapa."

"Wale uliowakataza kusuguliwa? Siwaambii. Geuka ubavu."

"Mama, leo kliniki imefungwa, ukija kesho..."

"Kesho kuna foleni. Leo una mguu mmoja safi na mmoja mchafu. Utakwenda wapi?"

Nikazama hadi puani nisisikike nikicheka. Mama Mdogo akaanza. Akamwambia uchovu kwenye paja, magoti kwenye nyonga, tumbo kwenye mbavu. Akamwambia joto la usoni, moyo, filimbi ya kifuani, na kwamba vyote vinakuja na mabaka na kuondoka na mabaka. Kila daktari akitaka kukatiza, beseni la maji linashuka. Hakuna muuguzi, hakuna mlango mwingine. Nadhani tangu asomee udaktari hajawahi kumsikiliza mtu mmoja muda wote huo.

Halafu daktari akaanza kuuliza yeye.

"Hivyo vidonge vya ghorofa ya pili, vya maumivu, ulivianza lini?"

"Mwanzo wa vuli."

"Na mabaka yalizidi lini?"

Mkono wa Mama Mdogo ukasimama hapo mgongoni. "Vuli hiyohiyo."

"Nipe mkono wako," akasema daktari. Akaketi, povu likimtiririka, akauleta ule mkono karibu na macho mpaka pua ikaugusa, kwa vile haoni bila miwani. Mabaka yote yalikuwepo. Safari hii hayakukimbia. Akayabonyeza. Akaweka sikio mgongoni kwake, akamwambia avute pumzi, palepale, uchi kwa uchi.

"Ni kitu kimoja," akasema. "Mabaka ya muda mrefu kama haya, kwa watu wengine hayaishii kwenye ngozi. Wanachoka, viungo vinauma, kichwa, tumbo, joto, moyo, kifua. Hasa yakiwa makali. Na vile vidonge vya maumivu vinaweza kuyachochea. Viache, kesho nitaongea mwenyewe na daktari wa ghorofa ya pili. Vya mzio tutaongeza. Hicho kifua tukipime sawasawa, na damu pia. Lakini midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikikatika, usije kwangu, usipande lifti. Ita gari la wagonjwa."

"Na inaambukiza?" Bibi Malsuk akauliza kutoka kwenye maji ya moto. Kumbe bafu zima lilikuwa linasikiliza.

"Haiambukizi hata kidogo."

Nilidhani Mama Mdogo atalia. Akatupa kitambaa ndani ya beseni.

"Tangu masika!" akasema. "Tangu masika naimba wimbo huuhuu, na ilibidi nikuvue nguo kwanza!"

Bafu zima likaangua kicheko, na daktari, jamani, yeye ndiye aliyecheka zaidi. Kisha akalala tena akanyoosha mguu uliobaki.

Alipoumaliza, Mama Mdogo akatoka kumwambia Bi Pyo. Maneno yote: kitu kimoja, si cha kuambukiza, kinatibika taratibu. Bi Pyo akasikiliza mikono kiunoni.

"Nani kasema?"

"Daktari wa ngozi."

"Jumapili? Gilrye, usinifanye mtoto."

Mlango ukafunguliwa, Daktari Seong akatoka na taulo kichwani, akaagiza maji ya mchele, akasema maneno yaleyale. Hakuongeza hata moja.

"Aaah," akasema Bi Pyo. "Kumbe!"

Niliogopa Mama Mdogo atampiga na beseni. Alinyanyua yai moja kauntani, akaligonga kwenye paji lake mwenyewe la uso kama tufanyavyo, akalimenya kwa hasira. Wakakubaliana hivi: meza ni yake, ila atafanya kazi asubuhi tu, kabla vyumba vya mvuke havijapamba moto, na feni itawekwa. Mchana atasimama yule wa Iksan.

"Nusu meza," alilalamika. "Na huyo wa Iksan atanivurugia mabeseni yangu."

Kufikia siku ya kuamkia Mwaka Mpya hakuwa amepona. Mabaka bado yanakuja, ila machache, na magoti yanampa nafasi. Anasimama asubuhi nzima. Kinachomtia wazimu sasa ni sisi. Akishika ndoo, Mama anamnyang'anya. Akipiga chafya, Bi Pyo anauliza tuite gari. Bibi Malsuk anamfuata na kigoda: "Keti mwanangu, huo ugonjwa ni wa mwili mzima huo," kana kwamba ndiye aliyeugundua.

"Nilipokuwa naanguka mlisema nimekula uji," akamwambia. "Sasa nasimama, mnataka niketi?"

Siku hiyo foleni ilifika kwenye viatu. Mteja wa kwanza, mwanamke mnene wa sokoni, alilala chali, akaona baka moja dogo kwenye mkono wa Mama Mdogo. Akainua kidole.

"Dada, hiyo paka siki ya tufaha. Mkwe wangu alikuwa na..."

Mama Mdogo akammwagia beseni zima.

"Geuka," akasema.