Inatosha, Ila

Juzi nilimpeleka bibi jirani yangu kwenye ofisi moja ya hapa Fort Worth, Marekani, inayowasaidia wazee wenye kipato kidogo kulipia hita ya kupasha nyumba joto. Shule niliacha mapema, lakini kwa ukalimani sina mpinzani.

Karani akauliza kwa Kiingereza kama pensheni inamtosha.

“Inatosha, namshukuru Mungu,” bibi akajibu.

Nikatafsiri hapo hapo, na kalamu ya karani ikaelekea kwenye kisanduku cha “hahitaji”.

“Bibi, kwa jibu hilo tutarudi na baridi yetu,” nikamnong'oneza.

“Wewe, nimlilie mtu ambaye hata hatujajuliana naye hali?”

Nikamweleza karani. Akaiweka kalamu chini, akamsalimu, akaulizia wajukuu.

“Hawajambo, mwanangu. Na pensheni inatosha, ila nalala na koti.”

Karani akaandika hilo la koti. Nami, bingwa, nimejifunza: mzee hatafsiriwi kabla ya “ila”.